Miwani ya jua ya elfu tano na ya laki tano: tofauti iko wapi?

Muuzaji alinikabidhi miwani, kisha akainua mbele yangu kikadi cha plastiki, saizi ya kitambulisho cha mpiga kura. Kwa macho matupu kilikuwa cha rangi ya fedha tu. Nikavaa miwani, samaki akajitokeza pale pale kwenye kikadi, mpaka mapezi yake yakahesabika. "Umemwona, kaka? Hiyo ndiyo orijino. Inakata miale yote ya jua. Hizo za elfu tano ukivaa, samaki humwoni ng'o." Tulikuwa Kariakoo, saa saba mchana, na hiyo ya samaki aliitaja elfu thelathini na tano.

Nilikuwa namtafutia mama. Mama anaanika dagaa Bagamoyo, kazi ya kushinda juani, na kwenye pembe ya jicho lake la kulia, upande wa pua, kumeota kinyama chembamba chenye mishipa myekundu. Kimekaa kama ubawa wa nzi, na kila mwaka kinasogea kidogo kuelekea mboni. Daktari wa macho alisema hakijafikia kukatwa. Akamwandikia kwenye kikaratasi: kofia pana, na miwani ya jua yenye kinga ya UV kila anapotoka. Mama aliponipa kile kikaratasi aliniuliza, "Sasa hiyo ni ipi, mwanangu? Maana zote nyeusi."

Swali lake ndilo linalowachanganya watu wengi, na wauzaji hawalifungui kwa sababu halina faida kwao. Kwenye miwani moja ya jua kuna mambo manne tofauti: kinga dhidi ya UV (mionzi ya jua ambayo jicho haliioni), kiasi cha giza, uwezo wa kukata mng'ao, na umbo pamoja na jina. Yote manne huuzwa kwa bei moja, ndiyo maana tunadhani ni kitu kimoja. Lenzi inaweza kuwa na moja kati ya hayo na kukosa mengine yote.

Tuanze na yule samaki. Mwanga wa jua hutikisika kila upande. Ukigonga kitu bapa kilicholala, kama maji ya bahari, lami iliyoloa au boneti ya gari, sehemu kubwa ya mwanga unaorudi hutikisika kwa ulalo. Huo ndio mng'ao unaomfanya dereva akunje uso na mvuvi ashindwe kuona chini ya maji. Lenzi za polaraizi zina utando unaopitisha mtikisiko wa wima na kuzuia wa ulalo. Mmarekani Edwin Land aliutengeneza utando huo kama karatasi ya plastiki mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1937 kampuni yake ikaitwa Polaroid. Picha ya kikadi imefichwa kwa ujanja huo huo: ni sehemu tu ya mwanga wake inayobeba samaki, na bila utando macho yetu hayawezi kuitenga.

Kwa hiyo muuzaji hakunidanganya kuhusu samaki. Miwani ile ilikuwa ya polaraizi kweli. Tena huhitaji kikadi kujua hilo: itazame simu yako kupitia lenzi, uizungushe simu taratibu; kwa simu nyingi kioo kitafifia au kuwa cheusi kabisa mahali fulani. Alikosea pale aliposema samaki anathibitisha kinga ya miale. Mng'ao ni mwanga tunaouona. UV ni kitu kingine.

Mwanga ambao jicho la binadamu linauona una mawimbi ya nanometa 400 hivi hadi 700. Chini ya 400 huanza mionzi ya urujuanimno, ambayo madaktari na wauzaji wote wanaiita UV. Jicho haliioni. Na kwa kuwa haliioni, huwezi kuipima kwa kutazama weusi wa lenzi. Miwani nyeupe kabisa ya polikaboneti, ile wanayovaa mafundi kiwandani kujikinga na vipande vinavyoruka, huzuia karibu UV yote, kwa sababu polikaboneti yenyewe huinyonya. Lenzi nyeusi tii ya plastiki nyingine isiyowekewa dawa inaweza kuipitisha kwa kiasi. Hapo ndipo kuna hatari ambayo macho matupu hayana: gizani mboni hupanuka, mvaaji haoni haja ya kukunja uso, na mionzi inaingia kupitia mlango uliofunguliwa wazi.

Lakini nisiwatishe watu bure. Kuchanganya dawa ya kunyonya UV kwenye plastiki ni gharama ndogo sana, na miwani mingi ya bei ya chini inayo. Maandishi "UV400" maana yake lenzi inazuia mionzi yote hadi nanometa 400, na hicho ndicho kipimo cha kutafuta, iwe miwani ni ya elfu tano au ya laki tano. Ukishakifikia, hakuna kinga zaidi ya kununua. Shida ya kule chini kwenye bei ni kwamba stika yenyewe huchapwa na yeyote, kwa hiyo bei ndogo haikuambii kama kinga ipo au haipo.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa. Shirika la Afya Duniani linatumia kipimo cha UV ambacho kuanzia 11 kwenda juu huhesabiwa kuwa kiwango cha kupindukia, na karibu na Ikweta namba hiyo hufikiwa mara nyingi adhuhuri ya anga safi. Kila mita 1,000 unazopanda juu ya bahari huongeza UV kwa asilimia 10 hivi, kwa hiyo mtu wa Nairobi asidanganywe na ubaridi. Mchanga mkavu hurudisha juu kama asilimia 15 ya UV, povu la bahari kama 25, na theluji mpya hadi 80. Ndiyo maana kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, anayepanda bila miwani ya maana anaweza kushuka macho yakimwasha na kutiririka machozi kama yametiwa mchanga. Baada ya miaka mingi ya jua, hatari nyingine ni mtoto wa jicho. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba kati ya watu milioni 15 hivi waliopofushwa na mtoto wa jicho duniani, hadi asilimia 10 huenda chanzo ni UV.

Na kinyama cha mama je? Hapa nilijifunza kitu kilichobadilisha kabisa namna ninavyochagua miwani. Kinyama hiki huota mara nyingi zaidi upande wa pua kuliko upande wa sikio, jambo la ajabu, kwa kuwa pua yenyewe inaweka kivuli upande huo. Daktari wa macho wa Australia, Minas Coroneo, alieleza kwamba mwanga unaoingia kwa pembeni, kutoka upande wa sikio, hupita kwenye kuba la konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na kukusanywa na kuba hilo hadi ukingo wa pili, upande wa pua, kama mtoto anavyochoma jani kwa kioo cha kukuzia. Eneo linaloungua ni pale pale kinyama kinapoanzia.

Fikiria maana yake kwa mnunuzi. Miwani ya mviringo midogo, ile ya kukaa katikati ya uso, inaweza kuwa na lenzi bora duniani na bado ikaacha mlango wa pembeni wazi. Miwani pana yenye mikono minene, inayokaa karibu na uso na kuzunguka kidogo kuelekea masikioni, inaweza kuishinda kwa kinga hata kama bei yake ni robo. Umbo ambalo tunalichukulia kuwa la urembo tu ni sehemu ya kinga. Waaustralia, wenye jua kali kama letu, walilichukua suala hili kwa uzito mapema. Nchi yao ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kuweka viwango vya kitaifa vya miwani ya jua, mwaka 1971.

Sasa giza. Miwani iliyotengenezwa kwa kufuata viwango huwa na namba ndani ya mkono, kutoka 0 hadi 4, wakati mwingine pamoja na herufi CE za soko la Ulaya. Namba ya 2 hupitisha asilimia 18 hadi 43 ya mwanga, ya 3 hupitisha 8 hadi 18, na ya 4 hupitisha 3 hadi 8 tu. Kwa shughuli zetu za mchana ya 3 inatosha. Ya 4 ni ya theluji na barafu za milimani, na hairuhusiwi kuendeshea gari. Nimewahi kuona vijana wa bodaboda wakichagua iliyo nyeusi kupita zote kwa imani kwamba ndiyo kali. Ukiingia nayo chini ya daraja au kwenye kivuli cha miembe, kwa sekunde mbili tatu humwoni anayevuka.

Kuna pia ile ya njano ambayo madereva wa safari ndefu huvaa usiku, wakiamini inapunguza taa za magari yanayokuja. Inapunguza kweli, na inapunguza kila kitu kingine pia, pamoja na mtembea kwa miguu aliyevaa nguo za giza kandokando ya barabara. Usiku dereva anahitaji kila chembe ya mwanga. Anayesumbuliwa sana na taa za usiku aende akapimwe macho na asafishe kioo cha mbele cha gari.

Rangi nyingine ni suala la kazi na ladha, na hapo ndipo mapenzi ya mtu yana haki yake. Kijivu huacha rangi za vitu karibu zilivyo. Kahawia huongeza utofauti kati ya kitu na kitu, ikaonyesha mabonde na vilima vya barabara ya vumbi vizuri zaidi. Kijani kiko katikati. Ile kijani ya Ray-Ban iitwayo G-15 ilipewa namba hiyo kwa sababu hupitisha asilimia 15 ya mwanga. Bluu, waridi na zambarau ni za kupendeza tu. Sioni ubaya wake, mradi kinga ipo.

Tukija kwenye pesa, ni vizuri kujua kwamba miwani ya bei rahisi haikuanza kama nakala ya miwani ya matajiri. Mwaka 1929 Sam Foster aliuza miwani ya seluloidi, plastiki ya zamani, kwa watu wa kawaida waliokwenda ufukweni Atlantic City, Marekani. Ray-Ban ya kampuni ya Bausch & Lomb, iliyotokana na mahitaji ya marubani, iliingia sokoni mwaka 1937. Kufikia miaka ya 1990 Ray-Ban ilikuwa imeshuka hadhi, ikiuzwa hata kwenye vituo vya mafuta. Mwaka 1999 kampuni ya Kiitaliano Luxottica, iliyoanzishwa na Leonardo Del Vecchio mwaka 1961 katika mji wa Agordo, iliinunua kwa dola milioni 640, ikaiondoa kwenye maelfu ya maduka na kupandisha bei. Mwaka 2007 ikainunua Oakley kwa dola bilioni 2.1. Kwa mikataba ya leseni, kampuni hiyo hiyo imekuwa ikitengeneza pia miwani yenye majina ya Prada, Chanel na Versace, na mwaka 2018 iliungana na Essilor ya Ufaransa, mtengenezaji mkubwa wa lenzi. Mtu anayesimama dukani akilinganisha majina matatu ya kifahari huenda analinganisha bidhaa za nyumba moja.

Hii haina maana kwamba pesa inapotea yote. Lenzi nzuri haipindishi vitu. Shika miwani umbali wa mkono, tazama fremu ya mlango kupitia lenzi moja, uisogeze kushoto na kulia. Mstari ukibaki umenyooka, vizuri. Ukiyumba kama moshi, hiyo itakuumiza kichwa kabla ya saa ya alasiri. Fremu ya asetati, aina ya plastiki, inaweza kupashwa moto na fundi ikakunjwa ifuate masikio yako, wakati ile ya plastiki ya kumiminwa ikikataa hukatika. Bawaba zenye skrubu hukazwa. Zilizobanwa zikilegea ndio basi. Fremu duni ya chuma ikipata jasho na chumvi ya pwani huota ukijani pale inapokaa puani. Mambo haya yana thamani, na mtu atakayeitunza miwani miaka minane anaweza kuyalipia bila kujuta. Mimi si wa aina hiyo. Nimeisahau kwenye daladala, nimeiacha juu ya dashibodi ikaumuka kwa joto, nimeikalia. Kwa hiyo navaa ya wastani, na ninaamini ni haki kabisa kuchagua kwa kuangalia tabia yako.

Kitu kingine kisichosemwa dukani ni pua. Fremu nyingi zimechorwa kwa pua nyembamba iliyoinuka juu kati ya macho. Kwa wengi wetu hukaa chini, hugusa mashavu ukicheka, na ukitoka jasho huteleza mpaka unatazama juu ya lenzi badala ya ndani yake. Hiyo si miwani tena, ni pambo la pua. Tafuta yenye vishikio vidogo vya puani vinavyokunjika, au yenye daraja pana. Inama kama unayeokota kitu, tikisa kichwa, ikikaa, inakufaa.

Watu wenye ualbino wanastahili kutajwa peke yao. Tanzania inatajwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kati ya kila watu 1,400 hivi, idadi kubwa kuliko sehemu nyingi za dunia, na macho yao yana rangi kidogo mno ya kuyakinga na mwanga. Kwao miwani pana yenye giza la kutosha na kofia ni vifaa vya kuwawezesha kufungua macho, kusoma ubao na kutembea, na mtoto wa shule asiye nayo ananyimwa masomo. Watoto wote kwa ujumla lenzi za macho yao ni angavu kuliko zetu na hupitisha UV zaidi hadi ndani, kwa hiyo ile miwani ya kuchezea ya elfu moja, nyeusi na isiyojulikana, usimvalishe mtoto kutwa nzima ufukweni.

Nilitoka Kariakoo na miwani minne, kila moja ya bei yake: ya elfu tano, ya elfu kumi na mbili, ya samaki niliyoishusha mpaka elfu ishirini na tano, na moja ya elfu kumi yenye jina kubwa la Ulaya mkononi, ambalo kila mtu alijua ni feki. Nikapita kwa wakala wa simu jirani yangu, ana tochi ya kukagulia noti. Alama zilizofichwa kwenye noti huwaka chini ya UV. Ukiweka lenzi kati ya tochi na noti, alama ikizimika, lenzi imeizuia mionzi ya tochi hiyo. Lenzi isiwe kati ya noti na jicho lako, maana hapo weusi tu utakudanganya. Tatu zilizima alama. Ile ya jina kubwa ikaacha inawaka, hafifu lakini inawaka.

Tochi haitoshi, kwa kuwa nyingi hutoa aina moja tu ya mionzi, na za bei ndogo hutoa zaidi mwanga wa zambarau unaoonekana. Kesho yake nikaingia kwenye duka la miwani ya macho lenye kile kimashine kidogo cha kupimia, dada wa mapokezi akazipitisha moja moja bila kunidai kitu. Majibu yakawa yale yale. Ya elfu tano ilizuia UV sawasawa na ya samaki. Ya feki ilipitisha. Tangu siku hiyo nikimkuta mtu anataka ya bei ndogo namwambia achukue isiyo na jina, kwa sababu aliyedanganya kwenye mkono hatashindwa kudanganya kwenye stika.

Jumamosi nilimpelekea mama zile tatu zilizopita. Ya elfu tano aliirudisha haraka, ilikuwa ndogo, na mwanga ulikuwa unampiga kwa pembeni. Akabaki na ya samaki, ya kijivu iliyokolea, na ya elfu kumi na mbili, ya kahawia na pana kuliko zote. Alizivaa kwa zamu, akitembea kati ya vichanja, akiinama, akichota dagaa kiganjani na kuwageuza. Akanirudishia ya samaki. Alisema na hii ya kahawia anawaona waliokauka na ambao bado, ile nyingine inawafanya wote kuwa rangi moja. Kisha akaniomba nimtafutie kamba ya kuifunga shingoni.